Kaka yangu anatushinda wote kwa hoja. Sasa ugonjwa wake uko kwenye akili kweli?

#1 Kipepeo wa Ruvu

Wakuu, habari za jioni.

Nina kaka yangu, yeye ndiye niliyemfuata kuzaliwa. Ni fundi umeme mzuri, mtu wa kupima kabla ya kushika. Tangu mwaka juzi anaamini kuna jirani anatia sumu kwenye tanki letu la maji. Hospitali tulishampeleka na dawa anatumia, ingawa kwa kusuasua, kwa hiyo siombi kuelekezwa hospitali.

Usiku mmoja nilikaa naye sebuleni kuanzia saa tatu mpaka adhana ya alfajiri. Nikasema leo namshinda kwa hoja. Nikamuuliza, maji haya tunakunywa wote, mbona sisi hatuumwi? Akasema sumu yenyewe imepimwa kwa damu yake. Nikachota kikombe nikanywa mbele yake. Akanitazama kwa huruma, akaniambia, "Walijua utakunywa wewe. Leo hawajaweka." Tukampa kuku maji, kuku akadunda. Akasema kuku ana firigisi, inasaga kila kitu. Hakuna swali lililomshinda. Majibu yake hayakupingana hata mara moja. Aliyejipinga ni mimi, mara mbili, na zote mbili alinikamata.

Chuoni nilisoma falsafa mwaka mmoja, tukaambiwa kuanzia Aristotle kwamba binadamu ni mnyama mwenye akili, yaani mwenye kufikiri kwa hoja. Kwa kipimo hicho, usiku ule binadamu kamili alikuwa kaka, si mimi. Halafu mtaani wanasema "amerukwa na akili". Akili ipi iliyoruka, wakati hoja zote zipo?

Naomba wenye uelewa mtiririke. Huu urazini, yaani kufikiri kwa hoja, ndio dawa, ndio ugonjwa wenyewe, au hauhusiki kabisa?

#2 Dereva wa Usiku

Pole sana mkuu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Naweka kambi hapa.

#3 Sokrati wa Tandale

Mleta mada, jibu lipo tangu zamani. Marcus Aurelius, yule mwanafalsafa aliyekuwa mtumwa wa Warumi, alifundisha kwamba kinachomsumbua mtu si jambo lenyewe, ni namna anavyolitafsiri. Badili tafsiri na maumivu yatapungua. Miaka ya 1950 mwanasaikolojia wa New York, Albert Ellis, akalichukua fundisho hilo akalifanya tiba. Leo linaitwa tiba ya fikra na tabia, inatumika dunia nzima. Mgonjwa anafundishwa kulikamata wazo lake na kulihoji kama hakimu anavyomhoji shahidi. Kwa hiyo akili ndiyo dawa. Kaka yako hajafundishwa tu kujihoji.

#4 Mwalimu Mstaafu

Sokrati kijana wangu, umechanganya watu wawili. Marcus Aurelius alikuwa kaisari wa Roma. Mtumwa alikuwa Epictetus, mzaliwa wa Hierapolis, ambayo leo iko Uturuki, mtu mwenye mguu mbovu. Alipopata uhuru alikuja kufundisha Nikopolis, upande wa Ugiriki. Hakuandika chochote yeye mwenyewe, maneno yake yaliandikwa na mwanafunzi wake Arrian. Ellis ni kweli alimtaja Epictetus waziwazi. Ongeza hapo na Aaron Beck wa Philadelphia, daktari aliyeijenga tiba hiyo upande wake miaka ya 1960, akianzia kwa wagonjwa wa sonona.

#5 Sokrati wa Tandale

Shikamoo Mwalimu. Nimepokea. Hoja yangu inabaki palepale.

#6 Nesi Zamu ya Usiku

Haibaki palepale, mdogo wangu. Sonona na wasiwasi ni kitu kimoja, imani kama ya huyo kaka ni kitu kingine. Mwenye sonona mara nyingi ana chembe ya shaka juu ya wazo lake, hapo pana mlango wa kuingilia. Mwenye imani ya sumu hana shaka hiyo. Ukimletea ushahidi, ushahidi wenyewe unageuka sehemu ya njama. Ziko tiba za mazungumzo kwa watu kama yeye pia, lakini haziendi kwa kubishana. Ni polepole sana, na mara nyingi dawa zinatangulia.

Wodini tulifundishwa hivi: usibishane na imani yake, wala usijifanye unaiamini. Nikiwa bado mgeni kazini tulimpokea baba mmoja aliyekuwa hajalala siku nne, analinda mlango watu wasije kumchukua. Wenzangu wawili walishamweleza mpaka wakachoka kwamba hakuna anayekuja. Mimi nilivuta kiti nikakiweka mlangoni, nikamwambia, "Baba, zamu ya mlango huu ni yangu mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Lala." Akanitazama viatu, akanitazama usoni, akapanda kitandani. Alilala saa tisa mfululizo.

#7 Kobe Mtulivu

Lakini dada, si ulimdanganya? Kwa kukaa pale ulimthibitishia kuwa kweli kuna watu wa kulindwa nao.

#8 Nesi Zamu ya Usiku

Sikumdanganya. Zamu ya mlango ilikuwa yangu kweli.

#9 Mwalimu Mstaafu

Nimefundisha hesabu miaka thelathini na moja, naomba niseme habari ya Kurt Gödel, maana mleta mada amenigusa.

Mwaka 1931, akiwa kijana wa miaka 25, Gödel alitoa uthibitisho uliotikisa hesabu yote. Alionyesha kuwa mfumo wowote wa kanuni usiojipinga, wenye nguvu ya kutosha kubeba hesabu za namba, utakuwa na kauli za kweli ambazo wenyewe hauwezi kuzithibitisha. Wapo wanaosema tangu Aristotle hajatokea mtu wa mantiki wa kiwango kile. Na mtu huyohuyo aliogopa kuwekewa sumu kwenye chakula. Alikiamini chakula cha mkewe Adele tu. Mwaka 1977 Adele akaugua, akalazwa hospitali kwa muda mrefu, na Gödel akaacha kula. Alifariki Januari 1978 akiwa na uzito wa kilo thelathini hivi.

Vijana, huyo hakukosa mantiki. Ukikubali kwamba kuna mtu anataka kukuua kwa chakula, kukataa chakula ndiyo hitimisho sahihi kabisa. Mnyororo wa hoja ulikuwa mzima. Kilichokuwa na kasoro ni pete ya kwanza, na pete ya kwanza hailetwi na hoja.

#10 Kisauni Moja

Huyo Gödel si alifia kwao Austria zama za Hitler?

#11 Mwalimu Mstaafu

Hapana. Alitoka Vienna akahamia Marekani mwaka 1940 na alifia Princeton. Huko alikuwa akitembea kwa miguu na Einstein kwenda kazini na kurudi, marafiki wakubwa.

#12 Sokrati wa Tandale

Sasa mnaona? Gödel mwenyewe alithibitisha kwamba akili haiwezi kujithibitisha! Mgonjwa hawezi kujua anaumwa kwa kutumia akili ileile inayoumwa. Mjadala umeisha.

#13 Mwalimu Mstaafu

Haujaisha, na hakuthibitisha hivyo. Uthibitisho wake unahusu mifumo ya kanuni za hesabu. Akili ya binadamu hauisemi chochote moja kwa moja. Kila mtu anaubeba kwenda kwenye mada yake, na mimi huumia kila mara. Hilo wazo lako la mgonjwa kutojijua linaweza kuwa la kweli, lakini litafutie miguu yake.

#14 Kipepeo wa Ruvu

Mwalimu, nimesoma bandiko #9 mara tatu. Kaka naye anakula cha mama tu. Mama ana miaka 71. Sikuwahi kulifikiria hili mpaka sasa hivi.

#15 Ustadh wa Pangani

Assalaam alaykum. Tuanze na neno lenyewe. Akili tumeitoa kwenye Kiarabu, "aql", na asili yake ni kufunga, kuzuia. "Iqal" ni kamba anayofungwa ngamia goti asitangetange. Kwa hiyo tangu mwanzo akili haikuwa wingi wa hoja. Ilikuwa kile kinachozuia hoja zisikupeleke jangwani. Kaka yake Kipepeo ngamia anaye, tena mwenye mbio. Kilichokatika ni kamba.

Pili, Imam Ghazali, yule mwanachuoni mkubwa wa Kiislamu. Alishikwa na shaka, akaanza kwa macho: nyota huionyesha ndogo kama dinari, kumbe hesabu zinasema ni kubwa kuliko dunia. Basi akayaacha macho, akaegemea akili. Halafu akajiuliza: kama akili imeyakanusha macho, nani aniahidi kwamba hakuna kitu juu ya akili kitakachokuja kuikanusha nayo? Alikaa kwenye hali hiyo karibu miezi miwili na yeye mwenyewe aliiita maradhi. Anasema hakupona kwa kupanga ushahidi na hoja, kwa sababu hoja hupangwa kwa maarifa ya awali, na hayo ndiyo aliyokuwa hana imani nayo. Alipona kwa nuru ambayo Mwenyezi Mungu aliitia kifuani mwake.

#16 Sokrati wa Tandale

Ndiyo pale alipopoteza sauti akiwa mwalimu Baghdad, sivyo ustadh?

#17 Ustadh wa Pangani

Hapana, hayo ni mambo mawili. Shaka ilitangulia. Kufungwa ulimi kulimpata mwaka 1095, akiwa mwalimu wa chuo cha Nidhamiyya cha Baghdad, anapita kwenye vita ya nafsi kati ya cheo na kukiacha. Akawa hawezi kufundisha, chakula hakipiti. Matabibu wakakata tamaa, wakasema jambo hili limeanzia moyoni likaingia mwilini. Mwishowe akaondoka Baghdad.

Na kabla yake kulikuwa na Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934. Huyu aliandika kitabu kimoja chenye tiba ya mwili na tiba ya nafsi pamoja. Kama mtu anavyoweka dawa nyumbani kwa dharura ya mwili, alishauri mtu aweke akiba ya fikra njema akiwa mzima, azitumie siku nafsi ikichafuka. Aligawa na huzuni mafungu mawili: yenye sababu inayojulikana, na isiyo na sababu inayojulikana. Hiyo ya pili aliihesabu kuwa inatoka mwilini na inahitaji tiba ya mwili. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

#18 Ua la Mkungu

Sijawahi kuandika hapa, huwa nasoma tu.

Nimepitia sonona miaka miwili. Nataka kusema kwa Sokrati na kwa Mwalimu kwa pamoja. Watu wanadhani nilikuwa sifikiri sawasawa. Nilikuwa nafikiri sana. Nilikuwa na kesi kamili dhidi yangu mwenyewe, ina tarehe, ina mashahidi: mtihani nilioanguka, shangazi niliyemsahau hospitalini, mtoto wangu niliyemfokea akamwaga uji. Kila kitu kilikuwa kweli. Ukinibishia nakuletea ushahidi.

Baadaye mtaalamu akanipa kazi ya daftari. Daftari la kawaida la shule, nichore mstari katikati: kushoto wazo, kulia ushahidi wa pande zote mbili. Wiki ya kwanza upande wa kulia ulikuwa mweupe. Wiki ya tatu niliandika neno moja: "alicheka". Mtoto, baada ya uji, alicheka. Nilikuwa nimelisahau kabisa, na nililia juu ya lile daftari mpaka wino ukasambaa. Kwa hiyo ndiyo, kujihoji kulinisaidia. Ila nilikuwa nimeanza dawa mwezi mmoja kabla, na nilikuwa nimeanza kulala. Kabla ya usingizi hata kalamu nisingeishika.

Usiseme tu akili ni dawa. Mwenye kiu hawezi kujichimbia kisima siku hiyohiyo.

#19 Kipepeo wa Ruvu

Dada Ua, asante sana. Karibu.

#20 Kobe Mtulivu

Bandiko #18 limenikumbusha kitu ambacho hakuna aliyekigusa. Sisi kwa lugha yetu mtu mwenye sonona hatusemi amepungukiwa mawazo. Tunasema "ana mawazo". "Acha mawazo." "Mawazo yatakuua." Kwetu ugonjwa ni kufikiri kulikozidi. Na hatuko peke yetu. Washona wa Zimbabwe wana neno "kufungisisa", maana yake kuwaza kupita kiasi, na ndilo wanalotumia kwa hali hiyo. Daktari wa akili wa kule, Dixon Chibanda, mwaka 2006 alianza na bibi 14 wa Mbare, Harare. Bibi anakaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, wanachambua tatizo moja baada ya jingine. Utafiti waliouchapisha mwaka 2016, wenye watu 573, ulionyesha waliokaa na wale bibi walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Sasa jiulizeni: kwenye benchi lile kilichotibu ni uchambuzi, au ni bibi?

#21 Sokrati wa Tandale

Uchambuzi. Umesema mwenyewe walichambua tatizo.

#22 Dereva wa Usiku

Bibi. Nani asiyepona akisikilizwa na bibi?

#23 Kobe Mtulivu

Dereva umetoka kambini! Mimi naelekea kwa bibi, na mwanafalsafa wangu ni David Hume wa Scotland. Kwenye kitabu chake cha mwaka 1739 anasimulia jinsi kufikiri kulivyomtia giza, mpaka hajui yuko wapi wala ni nani. Anakiri kwamba akili haikuweza kuyafukuza mawingu yale. Kilichomtoa ni kula na rafiki zake, kupiga gumzo, na kucheza mchezo wa kete na ubao. Saa tatu nne za furaha, akirudi kwenye zile fikra anaziona baridi na za ajabu, hana hamu nazo tena.

#24 Kisauni Moja

Yaani angekuwa Mombasa angeketi barazani acheze bao. Hiyo dawa tunayo bure.

#25 Mwalimu Mstaafu

Bao ni hesabu tupu, Kisauni. Kichwani mwa mchezaji mzuri kuna kete 64. Usiliite mapumziko ya akili.

#26 Kisauni Moja

Basi Mwalimu, akili inapumzika kwa kupewa kazi nyingine. Nayo pia ni hoja.

#27 Mlinzi wa Zamu

Wakuu mnazunguka. Neno liko wazi: mwendawazimu, anayekwenda na mazimu. Wazee wetu walijua. Hilo la sumu ni roho chafu, na roho haiondoki kwa falsafa wala kwa vidonge. Apelekwe kwenye maombi.

#28 Dereva wa Usiku

Naomba niseme hapa, sikutaka kusema.

Mjomba wangu alipelekwa sehemu kama hizo, sitataja wapi. Alifungwa kamba kwenye mwembe miezi miwili. Ustadh aliposema akili ni kamba ya ngamia, nilifunga simu nikatoka nje. Mjomba mpaka leo ana kovu kwenye kifundo cha mguu, ngozi imekuwa nyeusi na inang'aa. Ukimuuliza kuhusu zile sauti alizokuwa anasikia, anasema hazikumbuki vizuri. Kamba anaikumbuka fundo kwa fundo.

Alipona kliniki, kwa sindano ya kila mwezi. Sasa hivi ana shamba la mihogo.

#29 Ustadh wa Pangani

Dereva, nisamehe. Nililisema neno kama neno, sikujua lingemfikia nani. Kumfunga mgonjwa ni dhulma, na hakuna dini iliyonifundisha hivyo.

#30 Nesi Zamu ya Usiku

Mlinzi, maombi sijawahi kumzuia mtu. Wodini wapo wanaoshika rozari na wapo wenye tasbihi, na mimi huwatafutia zikipotea. Ninachoomba ni kimoja: msimkatishe dawa.

#31 Sokrati wa Tandale

Mmenitisha kidogo lakini nina mfano mmoja hamjaugusa. John Nash, mwanahisabati wa Marekani, Nobel ya uchumi 1994. Aliugua ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia miaka mingi. Alipoulizwa iweje mtu wa hesabu kama yeye aliamini viumbe wa anga wanamtumia ujumbe, alijibu kwamba mawazo hayo yalimjia kwa njia ileile yalivyomjia mawazo yake ya hesabu, kwa hiyo aliyachukulia kwa uzito uleule. Na aliandika mwenyewe kwamba baadaye alianza kuyakataa yale mawazo kwa kutumia akili. Huyo alijihoji akatoka. Sikubali mniambie haiwezekani.

#32 Ua la Mkungu

Si kwenye filamu ya maisha yake walionyesha alikuwa anatumia dawa mpaka uzeeni?

#33 Nesi Zamu ya Usiku

Filamu iliongeza hilo, yeye mwenyewe aliacha dawa mwaka 1970. Lakini ndugu wanaosoma hapa kimya, msimchukue Nash kuwa mfano wa kuacha vidonge. Alikuwa na mkewe Alicia aliyempa pa kuishi, na Princeton iliyomwacha atembee kwenye majengo yake miaka na miaka bila kumfukuza. Nimewapokea wengi walioacha dawa, hawakuwa na hivyo viwili. Na ilimchukua zaidi ya miaka ishirini.

Sokrati, nakupa nusu. Alijihoji, ndiyo. Lakini kwanza alipata mahali salama pa kujihojia.

#34 Sokrati wa Tandale

Nusu naichukua.

#35 Wakili Msomi

Nimechelewa. Sheria nayo ina jibu lake. Mwaka 1843 London, Daniel M'Naghten alimpiga risasi Edward Drummond, katibu wa Waziri Mkuu Peel, akidhani ndiye Peel mwenyewe. Aliamini chama tawala kinamwandama. Kanuni zilizotoka kwenye kesi ile zimeacha alama kwenye sheria zetu za jinai, Tanzania na Kenya. Zinauliza: alipotenda, alijua anachofanya? Alijua ni kosa? Mtu anaweza kupanga vizuri kabisa na bado jibu likawa hapana. Kwa hiyo mahakama inakubaliana na Mwalimu: kupanga hoja si ushahidi wa uzima.

#36 Kobe Mtulivu

Mimi bado sikubali ile pete ya kwanza ya Mwalimu. Pete yangu mimi ya kwanza imetoka wapi? Nakunywa maji ya bomba kila siku na sijawahi kuyapima. Chai ya mama muuza naipokea gizani asubuhi. Sina hoja hata moja, nina kuamini tu. Labda kaka yake Kipepeo ndiye pekee kati yetu anayedai ushahidi, na hicho ndicho kinachomuumiza.

#37 Mwalimu Mstaafu

Hapo umenikamata. Nalala nalo.

#38 Kipepeo wa Ruvu

Wakuu, leo nimefanya kitu. Nimenunua kufuli, nimefunga mfuniko wa tanki. Sikumwambia kuna sumu, sikumwambia hakuna. Nilimwambia, "Tanki limefungwa, ufunguo ni mmoja, kaa nao wewe." Akaukagua kwa tochi, akaujaribu mara nne, akaweka alama kwenye kufuli kwa msumari. Nikamwambia kesho tunaenda kliniki wote na mama.

Amelala saa tano. Ufunguo ameushika mkononi.

#39 Kobe Mtulivu

Kipepeo, kwa heshima zote, hapo umemthibitishia njama. Kesho atataka kufuli la jikoni.

#40 Sokrati wa Tandale

Naungana na Kobe, kwa mara ya kwanza.

#41 Nesi Zamu ya Usiku

Mimi mwenyewe kwenye kufuli nasita. Kiti mlangoni na kufuli havifanani sana. Mweleze daktari kesho kama ulivyotueleza sisi, usifiche. Lakini niambie, kabla ya kulala amekunywa maji?

#42 Kipepeo wa Ruvu

Nusu kikombe.